Nyumba ya Magurudumu Uani kwa Min Othieno

Nimeambiwa kwamba siku hizi mafundi mnasomea umeme kwenye simu. Mnamtazama mtu amevaa glavu safi, anaunganisha waya safi ndani ya gari safi, muziki unapigwa nyuma yake, na kabla chai yenu haijapoa nanyi mmeshakuwa mafundi. Hongereni. Mimi kazi hii ilinila ujana wote, na glavu sikuzishika mpaka nilipokaribia kustaafu, tena zilikuwa za dereva aliyekuwa akigeuzia nyama jikoni.

Kwa hiyo haya msiyaite mafunzo. Yaiteni porojo za mama mzee wa Busia aliyetengeneza umeme wa magari mpaka mgongo ukakataa kuinama chini ya dashibodi. Kibanda changu kilikuwa upande wa Kenya, mahali malori yanapoanza kujipanga. Wateja waliniita Mama Waya. Wengine walidhani ndilo jina nililobatizwa.

Aliyenifundisha aliitwa Wafula, fundi wa Malaba, mtu aliyekuwa na subira kubwa kwa betri na hakubakiza hata kidogo kwa ajili ya binadamu. Malaba mnaijua. Lori linafika mpakani, karatasi hazijakamilika, dereva anakaa kwenye foleni mpaka anawatambua mbuzi wa pale kwa sura. Mtu akiishi ndani ya kichwa cha lori kwa muda huo huanza kukumbuka nyumbani, na akikumbuka nyumbani hakumbuki watoto kwanza. Anakumbuka birika la umeme. Walituletea mabirika, wakatuletea pasi, na mmoja, Mungu ambariki, alituletea jiko la kuokea keki.

Wafula hakubishana nao. Aliunganisha birika kama alivyoombwa, akaliwasha, kisha akamwambia mwenyewe ashike waya inayotoka kwenye betri. Dereva alishika, akaachia, akaanza kupuliza vidole.

"Umeelewa?" Wafula aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa somo zima, na sikumbuki hata mmoja aliyerudi kulirudia.

Mimi sina ukali wake, nitawaeleza kwa maneno. Birika lile lile mnalochemshia nyumbani, mkilitegemeza kwenye betri ya volti kumi na mbili, linavuta mkondo mkubwa kuliko waya nyembamba inavyoweza kubeba. Waya ikishindwa haiandiki barua ya malalamiko. Inaungua. Kila kitu ambacho kazi yake ni kupasha moto ni adui wa betri. Taa, redio, simu na feni ndogo ni wageni wa kupita, wanakunywa chai na kuaga. Birika, pasi, maikrowevu na kikaushio cha nywele ni wakwe waliofika na mizigo. Na namba iliyoandikwa ubavuni mwa inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, msiiamini sana, iliandikwa na mtu anayeuza inveta.

Msidhani Wafula alikuwa malaika. Siku moja aligeuza vichwa vya betri, chanya mahali pa hasi, na inveta mpya ya mteja ikatoa moshi mweupe mzuri tu. Aliutazama moshi ule ukipanda, akamwambia mteja kwa utulivu kwamba mashine za aina hiyo hazipatani na hewa ya Malaba. Siku hiyo nilijifunza kutazama vichwa vya betri mara mbili kabla ya kufunga. Nilijifunza na namna ya kusema uongo bila kukunja uso, lakini hilo silipendekezi.

Nawaeleza haya yote ili muelewe nilivyojisikia siku Othieno alipoegesha nyumba nzima mbele ya kibanda changu.

Ilikuwa gari kubwa la kusambazia mikate hapo zamani, sasa limegeuzwa makao. Lina dirisha lenye pazia, lina ngazi ya kupandia, na juu ya paa kuna paneli za sola. Mwenyewe alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene, mpole, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka matangani. Alikuwa amefanya kazi ya kuchomelea vyuma Afrika Kusini miaka mingi, na sasa alikuwa ameendesha kutoka huko hadi mpakani kwetu, akienda kwao upande wa pili, karibu na Nagongera, ambako hakuwa ametia mguu tangu walipomzika baba yake.

Alinizungusha ndani kwa fahari. Vyuma vyote alivichomelea mwenyewe, na sina la kusema juu ya vyuma hivyo, vilikuwa vizuri kuliko milango ya benki. Kisha akanionyesha friji, birika, pasi, tosta, na maikrowevu iliyofungwa ukutani kwa bolti ambazo zingeshika daraja.

"Kila kitu iko sawa, Mama," alisema.

"Naona," nilimjibu. "Sasa kilichokuleta kwangu ni nini?"

"Gari haiwaki."

Naam. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa gari. Betri za nyumba alikuwa ameziunganisha moja kwa moja na betri ya kuwashia injini, bila kitu cha kuzitenganisha, kwa hiyo alipokaa kwenye foleni friji ilikula zake, ikamaliza, ikahamia kwa jirani. Na waya iendayo kwenye inveta ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilimuuliza kama ilitoka kwenye spika. Alisema ndiyo, ilitoka kwenye spika, lakini spika ilikuwa kubwa.

Nilimweleza. Nilimwambia betri ya kuwashia gari ni mkimbiaji wa mbio fupi, anatoka na nguvu zote kisha anakaa chini, na betri ya kuendeshea nyumba ni mama aliyebeba kuni kutoka mbali, anakwenda polepole ila hafiki mwisho ukimwongezea mzigo. Nilimwambia betri za asidi asizishushe chini ya nusu, maana zikizoea kufa zitakufa kweli. Nilikuwa nimefika kwenye fyuzi nilipogundua kwamba Othieno, aliyekaa kwenye ngazi ya gari lake, amelala. Kidevu kifuani, mdomo wazi, mchana kweupe, kelele za malori pande zote.

Nimechosha watu wengi maishani mwangu, wakiwemo viongozi wa kanisa, lakini si kwa kasi ile.

Nilimaliza kazi, nikatenganisha betri, nikaweka waya nene na fyuzi, nikamwamsha. Aliomba radhi kwa adabu sana, akavuka mpaka. Nilidhani ndiyo nimeagana naye.

Haukupita muda mrefu akapiga simu. Betri zinakufa kila siku kabla hakujapambazuka. Alisema ameshaacha birika, ameacha na tosta. Niliuliza kama ameacha na pasi. Akasema aliitumia Jumapili tu, kwa shati la kanisani. Basi nikafunga mita ya kupimia umeme na koleo zangu ndani ya mkoba, nikavuka, nikafika Tororo, nikapanda boda hadi kwao.

Nilipoingia uani niliona ugonjwa wa kwanza kabla sijashuka kwenye pikipiki. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mfenesi mkubwa, kwenye kivuli kizito kizuri ambamo ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Paneli zake juu ya paa hazikuwa zimeliona jua tangu zilipofika.

"Nani alichagua mahali hapa?" niliuliza.

"Mama," Othieno alisema. "Alisema jua itanichoma."

Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono. Watu wa pale walimwita Min Othieno, yaani mama yake Othieno, kwa kuwa ndiye mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kutembea kama anayejua anakokwenda. Alinisalimu vizuri, akanishika mkono, akanivuta jikoni kwa madai kwamba nikaone kuku anayenipikia. Kuku nilimwona. Kisha akafunga mlango.

"Mama Waya, wewe ni mwanamke kama mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo betri, ua."

"Niue?"

"Ua kabisa. Mimi nimetandika kitanda ya huyu mtoto. Shuka mpya, neti mpya. Miaka yote nangoja. Anakuja, yeye nakwenda kulala kwa gari kama dereva ya mizigo, na nyumba ya baba yake iko hapa. Watu nauliza mimi, kwani nyumba yako iko na kunguni?"

Alinigeuzia mgongo, akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Na nikikaa na yeye niongee, yeye nasinzia," aliendelea. "Mimi naongea habari ya shamba, ya dada zake, yeye macho nafunga. Mtoto ya tumbo yangu. Umeme ikiisha ndani ya ile gari, atakuja kwa nyumba. Hana mahali ingine."

Katika maisha yangu nimeombwa kufufua betri ambazo hata mchungaji angekataa kuziombea. Kuombwa kuua ilikuwa mara ya kwanza. Na sitawaficha, nilimwelewa. Nilikuwa nimeshamweka Othieno kwenye fungu la watu wanaorudi nyumbani kuonyesha friji. Lakini betri ya mteja ni ya mteja.

"Mama, ngoja kwanza nione kwa nini zinakufa zenyewe," nilimwambia. "Pengine hutahitaji msaada wangu."

Hakucheka.

Tulilisogeza gari juani, naye akalisindikiza kwa macho ya mtu aliyedharauliwa pamoja na kivuli chake. Kisha nikaanza kumhoji Othieno kifaa kimoja baada ya kingine, kama polisi. Ndani ya friji kulikuwa na soda mbili na chupa ya pilipili. Birika lilikuwa na vumbi, alisema kweli. Maikrowevu ilikuwa imetunza mkate. Nilipiga hesabu, nikairudia. Hata ukiweka kivuli cha mfenesi, hata ukiweka shati la Jumapili, bado kulikuwa na kitu kinachokula polepole usiku kucha, kila siku, bila kukosa.

"Televisheni," nilisema.

"Sina televisheni, Mama."

"Basi una nini?"

"Hakuna kitu."

Sikilizeni, nyinyi mnaoanza. Mteja akikwambia hakuna kitu, weka mita yako kwenye betri, zima vyote, kisha chomoa fyuzi moja moja, na mita itakuambia ni ipi inayosema uongo. Mita haioni haya. Nilifanya hivyo, nikafuata waya iliyopita nyuma ya kabati, ikapita chini ya godoro, ikatokea kwenye mto. Niliinua mto. Kulikuwa na mashine ndogo kama redio, ina mpira mrefu uliojikunja, na mwisho wa mpira kuna barakoa ya kuvaa puani na mikanda ya kuishikilia kichwani.

Othieno alikaa kitandani.

"Hiyo si televisheni," nilisema.

"Hapana, Mama."

Alinieleza akitazama sakafu aliyoichomelea. Akilala, pumzi inakatika. Inasimama kabisa, kisha inarudi kwa kishindo, tena na tena mpaka asubuhi. Huko kusini aliishi chumba kimoja na mchomeleaji mwenzake ambaye alikuwa akimpiga teke usiku ili apumue, na alipomwona mchana anasinzia akiwa ameshika moto wa kuchomelea, alimkokota mwenyewe hadi hospitali. Walimpa mashine hiyo. Inamsukumia hewa, koo halizibi, analala kama watu wengine. Ndiyo maana aliijenga ile nyumba ya magurudumu, apate kusafiri na umeme wake. Birika na pasi vilikuja baadaye, kwa tamaa.

"Na betri ikifa kabla ya asubuhi?"

"Naamka nikitapatapa. Halafu naogopa kulala tena. Mchana ndiyo usingizi inanikamata, hata kama mama anaongea. Naona uso yake, Mama. Naona vile anaumia."

"Sasa si umwambie."

Alielekeza kidole dirishani, kwenye nyumba ya mama yake.

"Baba alifia usingizini. Ndani ya nyumba ile. Mama ndiye aliamka asubuhi akamkuta hivyo. Nikimwambia mimi nakata pumzi nikilala, atajua nimekuja nyumbani kufa. Hatalala tena huyu."

Kejeli ndiyo koleo niliyoizoea kuliko zote. Safari hii niliiacha mkobani.

Nilikaa naye kwenye kile kitanda. Nje tulimsikia mama yake akiwafukuza kuku, na kwa jinsi alivyowafukuza ungejua hasira haikuwa ya kuku.

"Othieno," nilisema, "mama yako ameniomba niziue betri zako."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Ungeziua?"

"Mimi hapana. Ila mimi kesho niko Busia. Atampata fundi mwingine mwenye huruma ya mama na asiye na mita. Au ataingia hapa mwenyewe na kisu cha jikoni, akate waya, halafu akakupangie mito kwenye kitanda chake cha shuka mpya. Anakupenda kiasi cha kukuua, na hajui. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Alivaa viatu. Aliichukua mashine, mpira na barakoa vikining'inia, akaenda nayo jikoni mikononi kama mtu aliyebeba kifaranga.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akibambua karanga. Othieno alichuchumaa mbele yake, akaanza kusema Kidhopadhola. Lugha hiyo naijua ya sokoni tu, lakini sikuhitaji zaidi. Alionyesha pua, alionyesha koo, aliweka barakoa usoni akaitoa. Vidole vya mama viliendelea na karanga kwa muda, ganda huku, punje huku. Kisha vilisimama. Nilijua Othieno amefika kwenye habari ya baba.

Nilitamani niwe chini ya lori lolote, mahali popote.

Mama aliposema, alisema Kiswahili, akinitazama mimi, nadhani kwa sababu hakuweza kumtazama mwanawe.

"Baba yake alikuwa nakoroma mpaka jirani nasikia," alisema. "Halafu nanyamaza. Kimya. Mimi nilikuwa nafurahi akinyamaza. Nasema, eh, sasa ndiyo nalala vizuri."

Othieno alimshika goti. Mimi nilisema jambo ambalo ndilo la pekee nililokuwa na hakika nalo, kwamba hakuna aliyejua, na kwamba daktari tu ndiye angeweza kujua, na kwamba hata yeye baba pengine hakujua. Sijui kama alinisikia. Alimwaga karanga zilizokuwa mapajani kwenye ungo, akasimama, akakung'uta leso yake.

"Hiyo mashine," alisema, "naweza kukaa ndani ya nyumba?"

"Inaweza, Mama," nilimjibu.

"Basi tufanye."

Mchana ule nilifanya kazi chini ya msimamizi mkali kuliko Wafula. Tulitoa betri mbili kwenye gari na paneli mbili juu ya paa lake, Othieno akapanda kwenye mabati ya nyumba kuzifunga, na Min Othieno akashika ngazi huku akimwamuru mahali pa kukanyaga kana kwamba ana miaka sita. Betri sikuziingiza chumbani. Hilo mlishike, nyinyi wa kwenye simu. Betri za asidi zikichajiwa hutoa hewa mbaya, inayoweza hata kulipuka ikikutana na cheche, na hakuna akili katika kumwekea mtu mashine ya kupumulia kisha ukampa hewa hiyo apumue. Nilizikalisha barazani, ndani ya sanduku lenye matundu, waya nene ikapita dirishani.

Jambo la pili nililofanya ni kuiondoa inveta. Mashine yenyewe inatumia volti ndogo. Othieno alikuwa anaupandisha umeme wa betri kwa inveta, kisha adapta ya mashine inaushusha tena, na kila kupanda na kushuka kulikuwa kunakula njiani. Nilimpa waya ya moja kwa moja yenye kifaa cha kusawazisha volti. La tatu lilinifurahisha kidogo, nisamehewe. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kijisahani cha maji kinachopashwa moto ili hewa isimkaushe koo, na kijisahani hicho kilikuwa kinakula umeme kuliko mashine yenyewe. Hospitali ilishamwambia anaweza kukizima akiwa mbali na umeme. Alikuwa amekiacha kinawaka kwa raha yake. Kila mahali ni yale yale, hata kwenye dawa: ukitafuta anayekula betri, tafuta anayepasha kitu moto.

Min Othieno aliniuliza juu ya kila kiungo. Hii ikikatika? Panya akila hii? Mvua ya mawe? Nilimjibu yote. Nilimwonyesha kwamba betri moja ni ya usiku na ya pili ni akiba, na taa ndogo itawaka nyekundu ikiwa ya kwanza imechoka. Aliigusa ile taa kwa kidole.

"Nyekundu, namwamsha," alisema.

"Nyekundu, unabadilisha hapa, hata huhitaji kumwamsha."

"Namwamsha," alisema.

Kabla sijaondoka alitaka aone. Jua lilikuwa bado juu. Othieno alilala kwenye kile kitanda chenye shuka mpya, amevaa barakoa, anaona haya kama bwana harusi, na kwa kuwa alikuwa na deni kubwa la usingizi hakuchukua muda kuzama. Mama yake alivuta kiti akakiweka karibu na kichwa. Tuliisikiliza mashine, kisauti chembamba tu, kama mtu anayepuliza chai mbali. Kifua cha Othieno kilipanda, kikashuka, kikapanda. Hapakuwa na kishindo, hapakuwa na kukatika. Min Othieno aliweka kiganja chake juu ya kile kifua, akakiacha hapo, kikipandishwa na kushushwa.

"Nyamaza," aliniambia.

Sikuwa nimesema kitu. Nilikusanya koleo zangu barazani, nikamla kuku wangu peke yangu, na nilimmaliza.

Mnaotaka kujua habari za vile vifaa vingine, nitawaambia nilivyovikuta nilipokwenda mara nyingine kukagua maji ya betri. Maikrowevu ilikuwa imehamia jikoni, ndani yake kuna sukari, kwa sababu Min Othieno aligundua kwamba mlango wake hauingizi sisimizi, na mpaka leo sijaona matumizi bora ya maikrowevu mahali pasipo na umeme wa ukutani. Birika lilikuwa linatumika kunawishia wageni mikono. Pasi ya umeme ilikuwa inazuia mlango wa banda la mbuzi usijifunge, na Othieno alikwenda kanisani na shati lililopigwa kwa pasi ya makaa, limenyooka kuliko zamani. Friji aliibakisha garini, anaiwasha akisafiri. Gari nalo alilitumia kuzungukia kazi za kuchomelea mageti, na hakulalamika, au alilalamika kwa Kidhopadhola nisielewe.

Majirani walikuja wakitaka kuchajia simu. Hapo ndipo mngemwona mama huyu. Aliwafukuza wote. Katekista mwenyewe alifika na simu yake iliyozimika, akasema ni kazi ya Bwana, akaambiwa Bwana ana jua lake na yeye atafute paneli yake. Mimi nimefanya kazi na wahandisi, na maafisa wa forodha, na madereva wa mataifa yote yanayopita barabara yetu. Sijawahi kumpata mtu aliyelinda betri kama yule. Ningempata mapema ningempa kibanda.

Siku moja, nilipokuwa nimeshastaafu, aliniamsha kwa simu asubuhi.

"Mama Waya, hiyo mashine nasumbua mimi," alisema.

Nilikaa kitandani. Nilianza kufikiria waya, panya, mvua ya mawe.

"Imeharibika?"

"Haina kelele. Huyu hakoromi. Nyumba iko kimya sana, mimi nakosa usingizi. Naamka, nakwenda kwa mlango yake, nasimama, naskiza."

"Unasikiliza nini, Mama?"

"Kama yeye napumua."

"Na anapumua?"

Ungedhani alirudi kwanza mlangoni kuhakikisha kabla ya kunijibu.

"Napumua," alisema. Kisha akakata simu, kwa maana, kama alivyokuwa akimwambia kila mtu, simu inakula chaji.